Likizo ya Familia Kama Darasa la Kiswahili: Mambo ya Kuzingatia kwa Watoto Wanaosomea Nyumbani

Utangulizi

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya Uviko-19, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Katika kipindi hicho wazazi wengi waligeuka walimu bila kupenda. Shule zilipofunguliwa, wengi wao waliwarudisha watoto darasani, lakini zipo familia zilizoamua kuendelea kuwafundisha watoto wao nyumbani. Wazazi wa familia hizi hutujia sisi walimu wa Kiswahili na swali lile lile: hisabati tunaiweza, sayansi tunaijaribu, Kiingereza tunakisema kila siku; je, Kiswahili tutakifundishaje ilhali sisi wenyewe hatukijui?

Swali hili si dogo. Kiswahili kimetajwa katika Katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtoto wa shuleni, hata kama mwalimu wake ni dhaifu, ana wenzake arobaini wa kuamkiana nao na kuchekana nao makosa. Mtoto anayesomea nyumbani ana kitabu na mama yake. Anaweza kuzikariri ngeli zote na asipate hata mtu mmoja wa kuzungumza naye.

Kwa familia kama hizi, likizo inaweza kuwa ndiyo nafasi pekee ya mwaka ya mtoto kukisikia Kiswahili kikitumiwa na wenyewe. Makala haya yanaeleza namna ya kuitumia nafasi hiyo. Msimamo wetu ni kwamba safari humfundisha mtoto lugha pale anapokuwa na jambo la kweli la kufanya ambalo haliwezekani bila lugha hiyo, na pale mzazi anapokubali kunyamaza.

Safari mbili za familia moja

Mfano tutakaoutumia ni wa familia ya dada yangu, inayoishi Kampala na kuwasomesha watoto wawili nyumbani: mvulana ambaye wakati huo alikuwa na miaka 12, na msichana wa miaka 9. Familia hii ilisafiri kwenda Mombasa mara mbili, Desemba 2022 na Desemba 2023, na mara zote mbili nilifuatana nayo.

Safari ya kwanza haikufaulu, na kosa lilikuwa langu. Niliwaandalia watoto orodha ya maneno 200 na daftari la mazoezi, kurasa nne kwa kila siku. Watoto walizijaza kurasa zao chumbani huku bahari ikiwa dirishani. Nje, mama yao aliwasemea kila kitu kwa Kiingereza, nami nikamsaidia. Tuliporudi Kampala nilimwuliza yule mdogo amejifunza nini. Akanijibu kwa Luganda kwamba amejifunza kuogelea. Maneno 200 hakukumbuka hata kumi.

Safari ya pili ilikuwa ya siku zile zile na bajeti ile ile. Tofauti ilikuwa katika mgawanyo wa kazi. Mvulana alipewa jukumu la njia na usafiri, na msichana jukumu la sokoni. Asipouliza njia, tunapotea, asiponunua, hatuli. Watu wazima tuliweka ahadi ya kutowasemea isipokuwa pana hatari au jambo la serikali, kama vile kwenye dirisha la uhamiaji.

Kabla ya kuondoka: kuanza na kinachojulikana

Maandalizi ya wiki tatu yanatosha, na yaanzie katika lugha ya nyumbani. Mtoto anayezungumza Luganda tayari ameshika sehemu kubwa ya Kiswahili bila kujua. Wekeni meza mbele yenu, mtaje vitu. Omuntu na abantu ni mtu na watu. Omuti na emiti ni mti na miti. Ekintu na ebintu ni kitu na vitu. Amazzi ni maji, ennyama ni nyama, ennyumba ni nyumba. Okugenda ni kwenda, okuleeta ni kuleta, okuyimba ni kuimba. Hata saa haina taabu: ssaawa emu ni saa moja, na lugha zote mbili huanza kuhesabu jua linapochomoza. Mtoto aliyeambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ngeni hugundua kuwa ni jamaa aliyekuwa akikaa mbali.

Baada ya hapo aonywe juu ya maneno yanayofanana sura na kutofautiana maana. Okutunda kwa Luganda ni kuuza, lakini kutunda kwa Kiswahili ni kuchuma matunda mtini. Okufumba ni kupika, ilhali kufumba kwa Kiswahili ni kufunga, kama vile macho. Ndiizi kwa Luganda ni aina moja ya ndizi, ile ndogo tamu. Kwa Kiswahili neno ndizi huzikusanya zote, za kupika na za kuiva. Tofauti kama hizi hukaa kichwani kwa sababu zinachekesha.

Maamkizi nayo yafundishwe kwa kuigiza, si kwa kuandika. Hodi na karibu, shikamoo na marahaba, hujambo na sijambo: mtoto azitumie nyumbani kila anapoingia chumbani, mpaka ziwe mazoea.

Njiani: barabara na reli kama kitabu

Kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100, na familia nyingi huzipita kilomita hizo zimelala. Hiyo ni hasara.

Mpakani Busia pana somo linalomhusu kila Mganda. Neno bodaboda lilizaliwa hapo, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakiwavusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka huku wakiita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka. Leo neno hilo linatumika Nairobi na Dar es Salaam. Kwa kijana wa Kampala aliyezoea kuambiwa kwamba Kiswahili ni cha majirani, ni jambo zito kusikia kwamba neno moja la kila siku la lugha hiyo limetoka mlangoni kwake.

Baada ya Busia, kwa njia ya Kisumu, barabara inaivuka Ikweta hapo Maseno. Mtoto anayesoma jiografia nyumbani apewe kazi ya kueleza kwa Kiswahili, kwa sentensi tatu tu, Ikweta ni kitu gani. Kisumu kwenyewe ndiko reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilikoishia mwaka 1901. Iliitwa Reli ya Uganda, na watoto huuliza kwa nini iitwe hivyo wakati leo iko Kenya. Jibu ni kwamba ilijengwa kuifikia Uganda, na Kisumu yenyewe ilikuwa ndani ya eneo la Uganda hadi mwaka 1902 mpaka uliposogezwa. Kutoka Nairobi familia ilipanda treni ya reli mpya, iliyoanza kazi mwaka 2017. Tulipopita Tsavo, mvulana alimwuliza abiria jirani habari za simba waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Bwana yule alikuwa na hadithi ya nusu saa. Mtoto hakuielewa yote, lakini alikaa akamsikiliza mtu mzima akisimulia kwa Kiswahili kwa nusu saa nzima, jambo ambalo hakuna kaseti wala daftari lililowahi kumfanya alikubali.

Sokoni: kosa linalosahihishwa bila aibu

Siku ya kwanza sokoni Mombasa msichana alisimama mbele ya muuza madafu, akamtazama mama yake. Mama akatazama pembeni. Dakika moja ilipita, ndefu kuliko zote za safari ile. Hatimaye mtoto akasema, "Nataka dafu mbili." Muuzaji akajibu, "Madafu mawili? Haya mama, chukua madafu mawili." Kesho yake mtoto alirudi akaomba madafu matatu.

Walimu wenzangu watambue kilichotokea hapo. Muuzaji alisahihisha upatanisho wa ngeli bila kusema kuwa pana kosa. Aliirudia sentensi ya mtoto kwa usahihi na biashara ikaendelea. Darasani sisi husimamisha kila kitu, tukaandika kosa ubaoni, na mtoto akajifunza kwamba usalama uko katika kunyamaza.

Sokoni ndiko pia msamiati unakoonekana kwa macho. Kitabu husema nazi, basi. Muuzaji atakuonyesha kidaka kilichodondoka kingali kichanga, kitale ambacho bado hakijawa na nyama, dafu la kunywa, koroma ambalo limeanza kukomaa, na nazi yenyewe ya kukuna. Vivyo hivyo mpunga uko shambani, mchele uko dukani, na wali uko sahanini. Mtoto akiuliza kwa nini tunda moja lina majina yote hayo, mwulize kwa Luganda majina ya ndizi: matooke, gonja, bogoya, ndiizi, mbidde. Ataelewa mwenyewe kwamba watu hukipa majina mengi kile wanachokitegemea.

Pwani: sayansi kwa vinywa vya wavuvi

Mtoto aliyekulia karibu na Ziwa Viktoria hajawahi kuona maji yakiondoka ufukoni na kurudi. Hili ni somo la sayansi ambalo haliwezi kupatikana Kampala. Mvulana alipewa swali moja la kuwauliza wavuvi kila asubuhi: leo maji yatakupwa saa ngapi? Alikwenda ufukoni, akaamkia, akauliza, akaandika jibu, kisha akarudi kuhakikisha kwa macho.

Tulianza karibu na mwezi mpevu. Siku ya kwanza jibu lilikuwa saa nne asubuhi. Siku ya tano lilikuwa limekaribia saa saba mchana. Mvulana akapiga hesabu, akaona kwamba maji huchelewa kila siku kwa dakika 45 hadi 50 hivi. Akarudi kuwauliza wavuvi sababu. Walimwonyesha mwezi. Wakamfundisha maneno mawili ambayo mimi mwalimu sikuwa nimewahi kuyatumia darasani: bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na maji mafu, siku za katikati ambapo tofauti huwa ndogo. Baadaye, kwa kitabu cha sayansi, baba yake alimweleza mvutano wa mwezi na jua. Alielewa haraka, maana tarakimu alizikusanya mwenyewe.

Swali la pili lilikuwa la upepo. Desemba ni wakati wa kaskazi, upepo ulioyaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi. Kusi ndio uliowarudisha mabaharia kwao katikati ya mwaka. Mtoto akijua hivi, historia ya biashara ya pwani haitakuwa tena orodha ya tarehe. Ataelewa kwa nini mgeni alilazimika kukaa miezi akingoja upepo, na kwa nini miezi hiyo iliacha ndoa, dini na maneno.

Mji wa Kale: historia ya meza ya nyumbani

Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ikaangukia mikononi mwa Waarabu wa Omani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa kwa muda unaokaribia miaka mitatu, na mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Haya yote mtoto anaweza kuyasoma nyumbani. Cha kumfanyia pale ngomeni ni kumpa neno alitafute. Tuliwapa watoto neno meza. Limetoka kwa Wareno, pamoja na bendera, leso na gereza. Neno gereza lilianza kwa Wareno likiwa na maana ya kanisa, na ngome hii yenyewe ilitumiwa na Waingereza kama gereza hadi mwaka 1958. Kutoka Kiswahili, meza ikapanda bara ikawa emmeeza kwa Luganda. Msichana akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Yaani meza yetu ya Kampala ilipita hapa?" Ndiyo, ilipita hapo.

Katika mitaa ya Mji wa Kale tulialikwa kwa bi kizee mmoja, jirani wa mwenyeji wetu. Msichana alipiga magoti kumwamkia, kama afanyavyo kwao Buganda. Bi kizee akashtuka. "Inuka mwanangu, inuka!" Akamfundisha kusema shikamoo na kuubusu mkono. Baadaye akamwita, "Ndoo, mwanangu, ndoo." Mtoto akatoka mbio, akarudi na ndoo ya maji aliyoikuta uani. Nyumba nzima ilicheka, naye mtoto akacheka alipoelezwa. Kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, ndoo ni njoo. Vivyo hivyo njia ni ndia, na njaa ni ndaa. Katika dakika tano mtoto wa miaka tisa alipata somo la lahaja ambalo mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili hulipata kwa muhula mzima, tena kwa kusinzia. Akajua pia kwamba Kiswahili Sanifu, kilichosimikwa juu ya lahaja ya Unguja, ni kimoja tu katika familia kubwa, na kwamba bi kizee hakukosea.

Daftari la safima tatu na masimulizi ya jioni

Badala ya kitabu cha mazoezi, kila mtoto apewe daftari dogo la safu tatu: neno, mahali nilipolisikia, na mtu aliyelisema. Tafsiri haiandikwi. Safu ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa zaidi. Mvulana alipolisikia neno "niaje" kwa kijana wa Nairobi, aliliandika pamoja na msemaji wake. Nilimwuliza kama anaweza kumwamkia bi kizee kwa neno hilo. Alitazama safu ya tatu, akatikisa kichwa. Hatukuhitaji kulaani Sheng. Mtoto alijifunza kwamba kila neno lina mahali pake na watu wake.

Jioni, baada ya chakula, kila mmoja asimulie siku yake, watu wazima wakiwemo. Hapa ndipo sarufi inapojileta yenyewe. Siku za mwanzo watoto walisema, "Tulienda sokoni, tulinunua samaki, tulirudi." Kufikia siku ya sita, kwa kuwasikia wenyeji, mvulana alikuwa akisema, "Tulienda sokoni, tukanunua samaki, tukarudi." Wakati wa -ka- ulimwingia bila kanuni. Kanuni nilimpa Kampala, ikawa kwake ni jina tu la kitu alichokuwa nacho.

Tahadhari moja ni muhimu. Likizo ibaki likizo. Tulikubaliana kwamba baada ya chakula cha mchana hakuna kazi, hakuna swali, na anayetaka kuogelea aogelee. Mzazi anayegeuza kila mlo kuwa mtihani atamfanya mtoto aichukie lugha na bahari pamoja.

Baada ya kurudi

Bila kazi ya ufuatiliaji, safari husahaulika kama ndoto. Wiki mbili za kwanza zitumike kwa mambo matatu. Kwanza, barua ya shukrani kwa mwenyeji, iandikwe kwa mkono na itumwe kweli. Pili, kitabu cha safari chenye ramani, jedwali la maji kupwa na kujaa, na maneno ya daftari yaliyopangwa kwa ngeli. Tatu, mtoto awasimulie ndugu na majirani safari yake kwa Kiswahili, hata kama watamwelewa nusu tu.

Tusidanganyane kuhusu mipaka ya njia hii. Siku kumi hazitoshi kumfundisha mtoto tahajia, uandishi wa insha wala uchambuzi wa sentensi. Mvulana wetu bado anachanganya ngeli ya LI-YA na ya I-ZI, na mtihani utakapofika atahitaji kitabu na mwalimu kama wengine. Safari ilichompa ni sababu ya kukifungua kitabu hicho. Na ikampa jambo jingine. Katika nchi yetu wazee wengi walikijua Kiswahili kwanza kama lugha ya askari, tangu siku za jeshi la kikoloni la KAR, na baadaye kama sauti iliyotoa amri usiku. Baba wa watoto hawa alikuwa na hofu hiyo, na hakupenda lugha hii isemwe nyumbani kwake. Binti yake anapokisikia Kiswahili, humkumbuka bi kizee na ndoo. Sasa baba naye ameanza kuuliza maneno.

Kwa familia zisizoweza kufika Mombasa

Gharama isiwe kisingizio. Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania, iko zaidi kidogo ya kilomita 200 kutoka Kampala kwa njia ya Masaka, na njiani utaivuka Ikweta hapo Kayabwe. Ukivuka mpaka utafika Bukoba siku hiyo hiyo. Huko wenyeji huzungumza Kiswahili cha Tanzania pamoja na Kihaya, ambacho mtoto wa Luganda atasikia ndani yake maneno mengi ya nyumbani. Hata siku moja ya soko la Busia, mtoto akiwa na fedha kidogo mkononi na orodha ya vitu vitano, inazidi mwezi wa kukariri.

Hitimisho

Mwanafunzi wetu wa ualimu anayesoma makala haya anaweza kuona kwamba yanawahusu wazazi, si yeye. La hasha. Familia hizi hazina mwalimu wa Kiswahili, na nyingi ziko mtaani kwako. Mwendee jirani anayesomesha watoto nyumbani, mwulize likizo ijayo wanakwenda wapi, umsaidie kuandaa maswali mawili ambayo mtoto atalazimika kuyauliza kwa kinywa chake mwenyewe. Mkumbushe pia mzazi sharti lililo gumu kuliko yote: mtoto akisimama mbele ya muuzaji na kumtazama, atazame pembeni. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Mtoto wetu ale na kwa ulimi wake.